Arobaini ya Noti

Bagamoyo, 9 Januari 1952

Kwa dada yangu Mwanamkasi binti Mbaruku, Pangani.

Shikamoo dada. Itikia kabisa kabla hujaendelea, maana ukifika chini ya karatasi hutaitikia tena.

Sisi huku wazima. Mke wangu Somoe anakusalimu. Mguu wake umepungua kuvimba, mdomo bado. Mjukuu wetu Adija ameota meno mawili ya juu na tayari amemng'ata shehe aliyekuja kumsomea dua. Shamba la Makurunge nguruwe wamekula muhogo wote, wakatuachia majani kwa adabu.

Sasa jambo lenyewe. Dada, kaa chini. Nimeona gazeti likigeuka noti ya shilingi tano!

Nilipeleka saa ya ukutani kwa Chandrakant, yule fundi saa aliye mlango wa pili kutoka duka la Kassamali. Akaniambia, "Mzee, saa yako imekufa, lakini nikuburudishe usilie." Akakata kipande cha gazeti, akakikunja mbele ya macho yangu, akakipuliza, akakikunjua: noti! Mfalme upande huu, simba upande huu. Nikamvua kofia nikatazama ndani. Nikamkunjua mikono ya shati. Nikamvua na kiatu, Mungu anisamehe, mkewe Lata akatoka nyuma kuuliza kama namnyang'anya mumewe.

Nikasema, "Chandu, nifundishe, au nalala hapa mlangoni wateja wanikanyage."

Akasema, "Vidole vyako vimezoea jembe."

Nikamwambia vimezoea pia kuiba maandazi ya dada yangu, na dada hakunishika hata siku moja.

Basi tumepatana. Mimi namfundisha Kikwere, watu wa Fukayosi wasimuuzie tena asali yenye maji, naye ananifundisha noti. Ameniapisha kwamba siri haitoki kwenda kwa mtu wa nje. Sikukuu ya Idd nitawaonyesha Bagamoyo nzima, na wale wanaoniita Mzee Porojo wataniita kwa jina langu.

Nawe nipe habari za hija. Umeandikisha jina?

Mdogo wako mwenye vidole,
Mwinyimvua


Pangani, 27 Januari 1952

Kwa mdogo wangu Mwinyimvua.

Marahaba. Nimeitikia, ingawa hustahili.

Sisi wazima. Binti yangu Zaina homa imemwacha, sasa anakula hata cha watoto. Mnazi wa uani umeanguka, kwa bahati umeangukia upande wa banda bovu. Msalimu Somoe, mwambie asugue mguu kwa mafuta ya nyonyo.

Una miaka sitini na mbili, Mwinyimvua. Baba alitaka uwe mwalimu wa chuo cha Kurani. Ulisoma madarasa mawili ya Mjerumani ukatoroka, ukasoma juzuu tatu ukatoroka, na leo umekuwa mwanafunzi wa fundi saa! Nami najua vizuri aliyekuwa akiiba yale maandazi. Nilikuwa nakuachia kwa sababu ulikuwa mwembamba.

Ndiyo, jina langu limeandikwa. Meli itaondoka Mombasa mwanzo wa mwezi wa nane. Nauli ninayo, noti tupu, miaka kumi na mmoja ya kusuka ukili na kushona kofia. Zimo ndani ya kopo la biskuti nililolifunga kwa utambi. Sina jambo jingine ninalolitaka duniani. Nikifika kule nikarudi, sawa. Nikifika nisirudi, sawa zaidi. Kwa hiyo usinifanyie mzaha wa noti. Pesa za hija haziguswi na mchezo.

Lakini nijibu: lile gazeti lenyewe huwa linakwenda wapi?

Dada yako,
Mwanamkasi


Bagamoyo, 15 Februari 1952

Shikamoo dada.

Sisi wazima, mguu wa Somoe umesikia mafuta ya nyonyo. Adija sasa ana meno manne na shehe haji tena.

Gazeti linakwenda wapi? Ha! Umeanza kunasa. Sikuambii.

Dada, naweza! Wiki iliyopita nilimfanyia Kassamali mwenyewe dukani kwake. Nikakata gazeti lake, nikalikunja, nikapuliza, nikamtolea noti. Aliishika akaielekeza kwenye jua, akainusa, kisha akanisogezea gazeti zima na mkasi! Nilicheka hata nikakalia gunia la pilipili, nikapiga chafya mpaka alasiri.

Mara redio yake ikasema Mfalme wa Uingereza amekufa, na bendera ya bomani ilikuwa imeshushwa nusu. Mimi nikawaza habari za noti. Dada, Mfalme ndiye aliyemo usoni mwake. Basi noti sasa zimefiwa. Nasikia zinakaa eda. Zitatumika mpaka arobaini ya marehemu, watu wale ubani, kisha zitamfuata mwenyewe kaburini. Kuanzia siku ya arobaini na moja, noti ni karatasi ya kufungia njugu. Mimi nimeshamwambia Somoe akaange njugu za kutosha.

Vidole vyangu vinakusalimu, kimoja kimoja.

Mwinyimvua


Pangani, 24 Machi 1952

Mwinyimvua,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imeanza. Zaina hajambo.

Hija ya mwaka huu siendi. Usiulize.

Mbuzi wamekula pazia la jikoni.

Mwanamkasi


Bagamoyo, 3 Aprili 1952

Shikamoo dada. Shikamoo tena.

Barua yako nimeigeuza nyuma nikidhani maneno mengine yamebaki huko. Nimemulika kwa taa. Nimemwuliza hata Chandrakant kama Pangani kuna mtu anayejua kuyaficha maneno nyuma ya kidole.

Sisi wazima. Sasa niambie, mbuzi gani? Wewe na mbuzi tangu lini? Uliwahi kumfukuza beberu wa jirani kwa kumsomea Ayatul Kursi. Na huendi hija kwa nini? Unaumwa? Zaina anaumwa? Kopo limeibwa?

Kisha kuna neno dogo, dogo kabisa. Ile barua yangu ya mwezi wa pili, ya Mfalme na arobaini. Uliisoma ukacheka, sivyo? Niandikie kwamba ulicheka.

Mwinyimvua


Pangani, 21 Aprili 1952

Mwinyimvua,

Marahaba. Barua yako imechelewa, barabara imekatika kwa maji. Sisi wazima.

Sikucheka.

Wewe ndiye unayeshinda na noti mchana kutwa. Nilisema, huyu akisema zinakufa, amesikia kwa wanaojua. Nami ni mjane, nimekaa eda, najua arobaini. Halikunijia neno kwamba ni mzaha, kwa sababu hakuna mwenye akili anayefanyia msiba mzaha.

Siku ya thelathini na nane nilibeba kopo nikampelekea Rehani, mchuuzi wa mbuzi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Nikamwambia, "Rehani, sitaki karatasi za maiti nyumbani kwangu. Nipe chochote chenye pumzi."

Akasema, "Bibi, una hakika?"

Nikasema, "Nina ndugu mwenye elimu ya mambo haya. Usipolichukua wewe, nalipeleka sokoni."

Akalichukua. Akanipa mbuzi tisa.

Siku ya arobaini na mbili Zaina akaenda dukani na noti ya mumewe kununua mafuta ya taa. Akarudi na mafuta na chenji. Nilikaa kwenye kizingiti mpaka adhuhuri ikanipita.

Tuliuziana kwa ridhaa, sina haki ya kumdai. Mbuzi mmoja amekufa. Watu wakiniuliza nasema niliota ndoto. Jina lako sijalitaja.

Mwanamkasi


Bagamoyo, 26 Mei 1952

Shikamoo dada.

Leo chungu cha kwanza cha Ramadhani. Hii ni barua ya tano. Nne nimezichana, na hazikurudi kuwa nzima.

Habari za nyumbani sina uso wa kuzieleza. Wazima.

Ulikuwa mzaha, dada. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimekalia gunia la pilipili, nina furaha, nikaona maneno ni matamu nikayaandika. Somoe nimemsomea barua yako. Siku tatu uji wa kwangu ulikuwa maji.

Lakini sikiliza, nimepata njia! Mwezi huu mtukufu sifanyi fitina, lakini baada ya Idd napanda gari naja Pangani. Nitakaa na huyo Rehani barazani. Nitamwambia, "Ndugu, nionyeshe hizo noti nizitazame kama ni nzima." Atanipa moja, nitaipuliza, nitamrudishia. Ataweka kopo mahali pake na kwenda kulala amefurahi, na ndani ya kopo magazeti matupu! Zako zitakuwa kwenye mkono wa kanzu yangu. Sasa vidole vyangu ni vyepesi hata nzi hajui nimemshika. Niambie ndiyo, dada. Neno moja tu.

Mwinyimvua


Pangani, 6 Juni 1952

Mwinyimvua,

Marahaba. Saumu inakwenda vizuri. Zaina anakusalimu.

Hapana. Ndilo neno lako moja.

Unataka nivae ihramu nyeupe kwa pesa iliyotoka nyuma ya kidole gumba? Nisimame kule niseme nimekuja, Mola wangu, nimekuja, na Rehani huku ana kopo la magazeti? Bora nife na mbuzi wanane.

Nimekwenda kwake mwenyewe. Nimemweleza kweli yote, na safari hii jina lako nimelitaja, tena kwa sauti. Amekubali kurudisha kopo na kuchukua mbuzi wake, bali ana sharti. Anataka afundishwe mchezo wenyewe. Wote, usibakishe. Anasema atauonyesha minadani watu wakusanyike mahali penye mbuzi wake.

Basi uandike. Rehani hajui kusoma, kwa hiyo nitasoma mimi na kumwonyesha kwa mkono. Mimi mwenyewe sina haja nao, lakini itanibidi nielewe. Kwa hiyo eleza taratibu, kama unayemweleza mtu asiyejua chochote. Hasa hapo gazeti linapokwenda.

Na uandike upesi, karani wa hija anafunga orodha.

Mwanamkasi


Bagamoyo, 13 Juni 1952

Shikamoo dada.

Nilikwenda kwa Chandrakant kumwomba ruhusa, maana kiapo ni kiapo. Nilimweleza yote, hata habari za njugu. Alitoa lenzi jichoni. Akasema, "Kwa ajili ya dada yako, toa. Lakini umempa mtu wa mnadani. Wa pili sikufundishi." Wa pili, dada, ni wa kuchoma noti ikawa majivu na kuitoa nzima ndani ya ndimu! Nilikuwa nimebakiza wiki moja kuanza. Nikarudi nyumbani kwa kuzunguka mbali, kupitia Mbegani, nisikutane na mtu wa kunisalimu.

Haya, chukua. Soma polepole.

Kwanza, noti. Ikunje nusu, tena nusu, tena nusu, mpaka iwe ndogo kama kashata. Pili, kata gazeti kwa kipimo cha noti iliyofunguliwa. Tatu, pika gundi ya unga wa muhogo, nzito. Ibandike ile kashata ya noti nyuma ya gazeti, pembe ya juu, mkono wa kulia. Hayo yote unayafanya chumbani, mlango umefungwa.

Sasa uko mbele ya watu. Shika gazeti kwa pembe ileile, gumba mbele, vidole nyuma vikifunika noti. Watu wanaona gazeti tupu. Likunje kuelekea kwako, vilevile nusu na nusu na nusu, mpaka lilingane na noti. Sasa mkononi una vikashata viwili vimeshikana mgongo kwa mgongo, kama wake wenza waliolazwa kitanda kimoja.

Hapa ndipo penyewe. Peleka mkono mdomoni kupuliza. Mkono ukiwa unapanda, gumba linasukuma na vyote viwili vinapinduka. Usitazame mkono wako! Ukiutazama, nao watautazama. Mtazame mtu machoni umwulize jambo linalomgusa. Mimi humwuliza, "Yule mkwe wako amesharudi?" Akifungua mdomo kujibu, wewe umeshapindua.

Kisha kunjua noti taratibu, kwa maringo. Gazeti limebaki nyuma yake, limekunjwa, vidole vimelifunika. Ndiko linakokwenda, dada. Haliendi popote. Unapompa mtu noti aishike unalibandua kwa ukucha, mkono unashuka, na gazeti linaingia kwenye mkono wa kanzu. Mkononi huna kitu. Waonyeshe viganja vyote viwili.

Usitie bismillahi, najua utasema. Mimi husema "Hodi."

Nimemaliza. Mambo yote niliyokuwa nayo yako Pangani.

Mwinyimvua


Pangani, 12 Julai 1952

Mdogo wangu Mwinyimvua,

Marahaba, na mimi nakusalimu mara mbili. Nyumba imejaa watu wa kuniaga. Zaina amenishonea mfuko wa shingoni. Kopo liko kwa karani wa hija, amekwisha kuhesabu, amekwisha kuandika. Jumatano ijayo naondoka kwa gari la Tanga, kisha Mombasa, kisha meli. Naandika na mfuko uko shingoni tayari, mdogo wangu!

Wajua mwenye kwenda hija huomba radhi kwa kila mtu aliyemkosea kabla hajatoka mlangoni. Nimezunguka mtaa mzima. Nimemwomba radhi hata yule mwanamke wa kisimani tuliyegombana naye. Umebaki wewe, na kwako nina kosa kubwa.

Rehani hakutaka kitu.

Siku ile nilipomweleza kwamba ulikuwa mzaha wako, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaingia ndani, akatoa kopo. Utambi ulikuwa umefungwa kwa fundo langu mwenyewe. Hakulifungua hata siku moja. Akasema, "Bibi, siku ile ulikuja na macho ya mtu wa kutupa kitu. Ningekukatalia ungelipeleka kwa mtu asiyekuwa jirani. Nikasema nikupe mbuzi, arobaini ipite, utakuja mwenyewe." Nikamwambia, "Sasa mbona arobaini imepita na hukusema?" Akasema, "Niliona haya kuingia nyumba ya mjane kumwambia amekosa hesabu. Kila siku nilipita na majani ya mbuzi nikasubiri uniulize." Mbuzi aliyekufa amesema ni sadaka.

Sharti nililitunga mimi. Nililitunga njiani, kutoka mlango wake mpaka wangu, hatua ishirini. Tangu mwezi wa kwanza nilikuwa silali vizuri kwa ajili ya lile gazeti. Nilijua nikikuuliza utaringa mwaka mzima, na nilikuwa nimekukasirikia siwezi kukuomba. Nikasema uongo, tena katika mwezi mtukufu, na wewe ukapoteza mchezo wa pili kwa ajili ya uongo wangu. Niliposoma hapo, pa kurudi kwa kuzunguka Mbegani, niliweka barua chini.

Lakini sikuacha, Mwinyimvua! Ndiyo aibu yenyewe. Nilipika gundi. Nilijifungia chumbani baada ya tarawehe, Zaina akidhani nasoma uradi. Siku nne vyote viwili vilinianguka. Siku ya tano vikapinduka. Mchana wa Idd wanawake walikaa kwangu, nikachukua gazeti, nikamwuliza Bi Mosi, "Yule mkwe wako amesharudi?" Akafungua mdomo. Nikasema, "Hodi." Nikakunjua. Bi Mosi alitoka mbio akaacha viatu, na hajavifuata mpaka leo, imenibidi nimpelekee pamoja na kumwomba radhi.

Basi nakuomba radhi ya kweli, kwa maandishi, ifike kabla ya Jumatano. Bila hiyo sipandi gari. Nimeshamwambia Zaina. Barua hii naipitisha kwa dereva wa lori, ikufikie kesho.

Dada yako,
Mwanamkasi


Bagamoyo, 14 Julai 1952

Dada yangu Mwanamkasi,

Shikamoo! Barua hii siitii posta, nampa mkononi dereva wa lori la chumvi, nimemlisha wali wa nazi ili asilale njiani.

Nimekuwia radhi. Nimekuwia radhi duniani na akhera, mbele ya Somoe na mbele ya Adija mwenye meno sita, na hapa chini wote wawili wametia kidole, cha Adija ndicho hicho chenye uji. Nawe uniwie radhi mimi, maana wewe ulidanganya ukajifunza, na mimi nilidanganya nikakuuza kwa mbuzi tisa.

Nimecheka mpaka Kassamali amekuja kuuliza nani amekufa. Nimemsomea Chandrakant. Nilipofika pa Bi Mosi, aliangusha saa ya watu. Akasema, "Dada si mtu wa mnadani. Kesho njoo na ndimu." Na huyo Rehani, mwambie ana ndugu Bagamoyo. Akija, anafikia kwangu na mbuzi wake wote.

Hatua ishirini, dada! Mimi uongo wa namna hiyo ningetaka siku mbili!

Panda gari. Melini, siku watu watakapochoka na maji na matapishi, waonyeshe. Huko usinitaje kabisa, waambie umezaliwa na mchezo huo. Nitaje kule unakokwenda, unaposimama na nguo nyeupe na mikono yako mitupu. Sema, "Mwinyimvua bin Mbaruku, wa Bagamoyo." Sema kwa sauti.

Ni mimi,
Mwinyimvua